Tiba ya mazungumzo kwa wasiwasi na hofu ya ghafla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikuwa kwenye mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, asubuhi, mara moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, nikajua ndiyo nakufa. Hospitali wamesema moyo mzima, presha nzuri. Sasa ni nini hiki?

Kwa maelezo hayo, kinachofikiriwa kwanza ni shambulio la hofu. Ni hofu kali inayokuja bila hodi, inapanda hadi kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi zisizozidi 10, kisha inashuka yenyewe na kukuacha hoi. Dalili zake nyingi ni za mwilini, ndiyo maana watu huanzia kwa daktari wa moyo: moyo kudunda, kifua kubana, pumzi kutotosha, jasho, kutetemeka, kizunguzungu, tumbo kuchafuka, ganzi vidoleni na kuzunguka mdomo. Juu yake huja fikra: nakufa, narukwa na akili, nitaanguka mbele za watu. Wengine huhisi mahali walipo pamekuwa pageni ghafla, au wanajiona kwa mbali.

Hujabuni chochote. Adrenalini imemwagika kweli kwenye damu na moyo umekwenda mbio kweli. Hata ganzi ina maelezo yake: ukihema harakaharaka unatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na vidole huanza kuchomachoma. Kwa hiyo mtu akikuambia "huna kitu", amekosea kusema, hata kama vipimo amevisoma sawa. Una kitu, na kinatibika.

Shambulio moja peke yake si ugonjwa. Watu wengi hupata moja au mawili maishani na mambo yakaisha. Tatizo huanza pale yanapojirudia na wewe ukaanza kuishi kwa kuyangoja: unapanda basi ukiwa umeshika kiganja kupima mapigo, unatafuta nafasi ya karibu na mlango, na siku moja unaacha kupanda kabisa.

Nitajuaje kama si moyo kweli?

Mara ya kwanza nenda ukapimwe, usijitibu kwa kusoma. Hasa kama umepita miaka 40, una kisukari au presha, unavuta sigara, au maumivu ya kifua yanakuja ukitembea au kubeba kitu kizito, yanakwenda kwenye mkono au taya, au hayaishi ukipumzika. Daktari ataangalia pia upungufu wa damu, tezi ya shingoni, pumu na sukari. Mwambie ukweli wa unavyotumia: kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa, bangi, dawa ya pumu ya kuvuta, pombe uliyoiacha ghafla. Vyote hivyo vinaweza kuupeleka moyo mbio.

Ukishapimwa vizuri na ukaambiwa uko sawa, ishia hapo. Kuna watu wanazunguka hospitali moja hadi nyingine wakipima umeme wa moyo, na kila jibu zuri linawatuliza siku chache tu. Wengine hawawezi kumpita kijana wa kupima presha barabarani bila kunyoosha mkono. Kufikia hapo, kupima kwenyewe kumekuwa sehemu ya tatizo, na mtaalamu wa tiba ya mazungumzo atakuuliza habari zake mapema.

Lakini wasiwasi si kila mtu anao?

Anao, na watu husema wasiwasi ndiyo akili. Unaokufanya ufunge mlango usiku au usome kabla ya mtihani ni mali yako, usitake kuuondoa. Wa kutibiwa ni ule unaodumu miezi, unaruka kutoka ada ya mtoto kwenda kwenye afya ya mama kwenda kwenye kazi bila kutua, unakunyima usingizi, unakaza shingo na mabega, na ukiulizwa unaogopa nini hasa, huna jibu moja. Huo unaweza kuwapo bila shambulio hata moja, na tiba ya mazungumzo inausaidia pia, ingawa mazoezi yake hutofautiana kidogo na haya ninayoeleza hapa chini.

Kuongea tu kutanisaidia nini? Kila siku naongea na shoga zangu.

Na uendelee. Ila tazama mazungumzo hayo huishia wapi. "Pole mwaya, usiende mjini peke yako, nitakusindikiza." "Ukisikia imeanza, shuka, kaa chini, nipigie." Ni maneno ya upendo, na kila moja linaithibitishia hofu kwamba ina haki ya kuwapo.

Tiba iliyofanyiwa utafiti zaidi kwa tatizo hili inaitwa tiba ya utambuzi na tabia, na inakwenda njia nyingine kabisa. Mizizi yake ni miwili. Mmoja ni kazi ya Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, ambaye katika miaka ya 1950 alionyesha kwamba mtu akikutanishwa na anachokiogopa hatua kwa hatua, hofu hupungua. Mwingine ni wa Aaron Beck wa Philadelphia, aliyeanza katika miaka ya 1960 kuwafundisha wagonjwa wake kuzikagua fikra zao badala ya kuziamini kila zinapopita. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark akaeleza shambulio la hofu kwa namna ambayo hadi leo ndiyo msingi wa tiba hii: mtu anapata ishara ya kawaida mwilini, labda moyo umeruka pigo au ametoka kupanda ngazi, anaitafsiri kuwa maafa, tafsiri hiyo inamwaga adrenalini, adrenalini inaongeza mapigo, na mapigo yanakuwa ushahidi mpya wa maafa. Duara limefungwa. Ni king'ora cha gari kinacholia kwa sababu paka karukia boneti: king'ora kizima, betri nzima, mwizi hakuna.

Kisha kuna kukimbia. Tuseme ulishuka Magomeni kabla ya kituo chako, na hofu ikashuka. Ubongo haukuandika "hofu imeshuka kwa sababu muda wake umeisha". Uliandika "nimepona kwa sababu nilishuka". Kesho yake unaogopa zaidi, na mahali pa kukwepa panaongezeka: basi, foleni ya benki, msikiti uliojaa, ibada ya Jumapili, lifti, kivuko cha Kigamboni. Tiba hii ina kazi moja kubwa, kuufuta uandishi huo, na maneno matupu hayawezi kuufuta. Ndiyo maana mimi huwaambia watu wasidanganywe na jina. Ndiyo, ni mazungumzo, lakini nusu ya tiba hufanyika nje ya chumba, kwa miguu yako mwenyewe.

Basi ndani ya chumba hufanyika nini hasa?

Hakuna kochi la kulala wala mtu anayekutazama bila kusema. Mnakaa kwenye viti, mnazungumza Kiswahili kama watu wengine, na mtaalamu huandika.

Kikao cha kwanza huwa cha maswali. Ilianza lini, wapi, ulikuwa umelala saa ngapi, kuna msiba au deni au ugomvi uliotangulia? Unaogopa nini kitatokea, kwa maneno yako? Swali hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Anayeogopa kufa, anayeogopa kuchanganyikiwa na anayeogopa aibu ya kuanguka mbele ya watu wana mashambulio yanayofanana kwa nje, na kila mmoja anahitaji ushahidi wake.

Kinachofuata ni kuchora duara lako. Tuseme ni yule wa mwendokasi. Basi limejaa, joto, moyo unaongezeka kidogo. Fikra: "Leo haponi mtu." Hofu. Kuhema. Ganzi. "Nimeshapooza." Kushuka. Mtaalamu anaandika yote kwenye karatasi mbele yako, na watu wengi wanapoiona karatasi hiyo ndipo wanapogundua kwamba kitu walichokiita balaa kina mwanzo, kati na mwisho.

Halafu fikra zinawekwa mezani. Hakuambii "fikiria mazuri". Anakuuliza: umeshashikwa mara nyingi na kila mara ulijua unakufa, ilikuwaje hukufa? Ukisema "kwa sababu nilikunywa maji" au "kwa sababu mke wangu alikuwapo", hapo pamepatikana pa kuchimba. Hizo ndizo kinga za uongo: chupa ya maji, simu mkononi, kidonge mfukoni, kiti cha mlangoni. Hazikukuokoa, ila zimechukua sifa zote.

Kuhusu kuzimia, mtaalamu atakueleza jambo ambalo wengi hawajawahi kuambiwa. Wakati wa shambulio presha kwa kawaida hupanda, ilhali mtu huzimia presha inaposhuka. Ndiyo maana kuzimia katikati ya shambulio ni nadra. (Wanaozimia wakiona damu au sindano ni kundi lao, na wana mbinu yao.)

Mwisho wa kila kikao una kazi ya nyumbani. Kwa mtu wa mwendokasi, mnaandika ngazi pamoja. Kwanza kusimama kituoni Kimara bila kupanda. Kupanda saa nne asubuhi basi likiwa wazi, kituo kimoja tu. Kisha hadi Ubungo na mwenzako, kisha bila mwenzako. Kisha bila chupa ya maji. Ngazi ya juu kabisa ni asubuhi ya Jumatatu, umebanwa katikati ya watu hadi Kivukoni. Kila ngazi unarudia mpaka ichoshe, na sharti ni moja: usishuke hofu ikiwa kileleni. Kabla hujaondoka unaandika unachotabiri kitatokea, ukirudi unaandika kilichotokea. Karatasi hizo mbili zikilazwa pamoja kwa wiki kadhaa zinafanya kazi kuliko hotuba yoyote.

Nimesikia wanakupandisha hofu makusudi. Si hatari?

Ndiyo, wanafanya, na ni sehemu ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote katika tiba hii. Kwa kuwa unachoogopa ni hisia za mwili wako, unakutanishwa nazo. Mtaalamu atakuambia uheme kwa kasi kwa dakika moja, au ukimbie papo hapo, uzunguke kwenye kiti, upumue kupitia mrija mwembamba. Kizunguzungu kinakuja, ganzi inakuja, moyo unadunda, na hakuna maafa yanayofuata. Ukirudia mara za kutosha, ganzi inarudi kuwa ganzi tu.

Mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa au pumu kali, na mjamzito, amweleze mtaalamu kabla, na baadhi ya mazoezi hayo hatayafanya. Usiyajaribu peke yako kwa kuyasoma hapa.

Nikishikwa sasa hivi, kabla sijampata huyo mtaalamu?

Baki ulipo ukiweza, maadamu mahali penyewe si pa hatari. Ukiwa unaendesha, egesha kwanza. Jiambie kwa jina kinachotokea: hili ni shambulio la hofu, litapanda na litashuka. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unavyovuta, bila kujilazimisha kuvuta hewa nyingi. Tatizo lako wakati huo ni kuhema kupita kiasi, hewa unayo. Habari ya kupumulia kwenye mfuko wa karatasi iache, kwa sababu kama ni pumu au moyo inaweza kukudhuru. Kisha endelea na ulichokuwa unafanya, hata kwa mikono inayotetemeka.

Itachukua muda gani?

Mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoelekeza matibabu, unataja saa 7 hadi 14 kwa jumla kwa mashambulio ya hofu, vikao vya kila wiki, na kazi ikamilike ndani ya miezi 4. Wasiwasi wa jumla huwa mrefu kidogo, vikao 12 hadi 15 vya saa moja. Ukiwa umekaa na mtaalamu mwaka mzima mkisimulia utoto wako na bado hupandi basi, muulize wazi mpango ni upi.

Nilipewa vidonge vya usingizi na vinanituliza. Niendelee?

Diazepamu na ndugu zake hutuliza haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwili unavizoea, dozi inataka kuongezeka, na wewe hujifunzi kamwe kwamba hofu ingeshuka bila kidonge. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, halipendekezi dawa za kundi hilo kwa matatizo ya wasiwasi na mashambulio ya hofu. Lakini kama umezitumia kwa muda mrefu usiache kwa siku moja; unaweza kupata degedege. Daktari hupunguza polepole.

Dawa za kundi la fluoksetini na setralini ni habari nyingine. Zinatumika pia kwa sonona, zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi na kutetemeka kidogo. Kwa mtu ambaye wasiwasi umemlaza kitandani, zinaweza kumpa nguvu ya kuanza mazoezi. Kutumia dawa na mazungumzo kwa pamoja si kushindwa.

Mama anasema nina jini, nikasomewe. Kanisani nako naambiwa ni upungufu wa imani.

Kusomewa na kuombewa hakukatazwi na mtaalamu yeyote mwenye adabu, na wengi hupata utulivu humo. Jambo la kuangalia ni mawili tu. Mtu asikuambie uache dawa au kliniki, na asikufunge, kukupiga wala kukunyima chakula. Kuhusu imani, niseme wazi: wapo mashehe na wachungaji wanaopata mashambulio haya, na wengine wanayapata wakiwa mimbarini. Moyo unaokwenda mbio hauna habari na kiasi cha sala zako.

Wanaoamka usiku wameshikwa na hofu huambiwa ni jinamizi. Haya ni mambo mawili. Jinamizi linakukuta huwezi kusogea wala kupiga kelele. Shambulio la usiku linakuamsha, unainuka, unakimbilia dirishani kutafuta hewa. La pili linatibiwa kwa njia hii hii.

Haya si mambo ya Wazungu?

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alishaandika kwamba mtu ajiwekee fikra njema wakati ametulia, ili azitumie hofu na huzuni zitakapomvamia. Aliandika hayo miaka elfu moja kabla ya Beck.

Na siku hizi Afrika inafundisha wengine. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, kuwafunza kina bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua matatizo yao kwa utaratibu. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliokaa na bibi hao walipungukiwa dalili za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango umefika Malawi na Zanzibar. Nairobi nako, Shirika la Afya Duniani lilijaribu mpango wake wa vikao 5 kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii wasio wanasaikolojia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa mazuri. Wataalamu wetu ni wachache mno kwa idadi ya watu, na nionavyo njia hii itatufikisha mbali kuliko kungoja kila wilaya ipate daktari wake wa akili.

Nitampata wapi mtu wa kunitibu?

Tanzania, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa na uulize kliniki ya afya ya akili. Muhimbili, Bugando, KCMC na Mirembe ya Dodoma zina idara zake. Unguja kuna Kidongo Chekundu. Najua majina ya Mirembe na Kidongo Chekundu yanatisha, kwa utani tuliokua nao. Kliniki ya nje ya hospitali hizo ni kama kliniki nyingine, unaingia na kutoka siku hiyohiyo. Kenya kuna Mathari jijini Nairobi, Port Reitz Mombasa na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Ukiwa chuoni, uliza ofisi ya ushauri nasaha kabla ya kutoa hela nje. Ukiwa Muscat, Minneapolis au mahali ambapo hakuna anayejua Kiswahili, vikao vya video ni mbadala wa kweli: tiba hii imejaribiwa kwa njia ya intaneti na ikafanya kazi kwa mashambulio ya hofu.

Mshauri nasaha si kila mwenye kibao mlangoni. Muulize amesomea nini na wapi, na kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Kisha muulize: "Kwa mtu anayepata mashambulio ya hofu, wewe hufanya nini?" Jibu likiwa na mazoezi, kazi ya nyumbani na kurudi kwenye mambo unayoyakwepa, uko mahali sahihi. Akikuahidi kukuponya kwa kikao kimoja, aga kwa heshima. Bei zinatofautiana sana, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa, na uliza kama bima yako inalipa.

Kama pamoja na hofu una mawazo ya kujiua, usisubiri miadi. Mwambie mtu wa karibu leo na mwende pamoja hospitali iliyo karibu.

Mume wangu ndiye anayeshikwa. Nimsaidieje?

Akiwa ameshikwa, kaa naye, ongea kwa sauti ya kawaida, usimwambie "jikaze" wala usiite majirani. Baadaye ndipo kazi ilipo, na ni ngumu kwa mke: acha kidogokidogo kumfanyia anavyoviogopa. Kama umekuwa unakwenda sokoni na benki kwa niaba yake, kubalianeni na mtaalamu ni kipi anarudishiwa wiki hii. Atakasirika mara moja moja. Ni vizuri uhudhurie kikao kimoja naye ili asione umemgeuka.

Nilipona, na baada ya msiba imerudi. Tiba imeshindwa?

Hapana, hutokea, hasa baada ya kufiwa, kujifungua, kuhama au kukosa usingizi kwa muda. Mtaalamu mzuri hutumia vikao vya mwisho kukuandalia siku hiyo: unaondoka na karatasi yako yenye duara lako, ngazi zako na kinga zako za uongo. Itoe. Angalia umeanza kukwepa nini tena, na anza na ngazi ya chini wiki hiihii. Ikikushinda, rudi kwake. Mara nyingi vikao viwili vitatu vya kukumbushia vinatosha.